Shahada ya Fizikia: Tuhesabu Deni na Mshahara Kabla ya Kuripoti Chuoni

Barua ya kuitwa chuo kikuu inapofika nyumbani, macho ya familia hukimbilia mstari mmoja: jina la kozi. Jirani anaitwa, mjomba anapigiwa simu, na jioni hiyo hakuna anayeuliza habari za shilingi. Shilingi huanza kuulizwa siku chache baadaye, mtoto anapofungua maelezo ya ufadhili na kukuta gharama ya programu imegawanywa mafungu matatu: ufadhili wa serikali, mkopo, na fungu la familia.

Somo la toleo hili ni la nyumba zenye barua ya namna hiyo, na tumechagua fizikia kwa makusudi. Uuguzi, udaktari, sheria: kila mzazi anaijua kazi inayongoja mwisho wa kozi. Fizikia sivyo. Nilifundisha somo hili katika shule za upili kabla ya kuhamia ofisini, na swali nililoulizwa na wazazi siku za mikutano lilikuwa lile lile: "Mwalimu, akimaliza hiyo atakuwa nani?" Ni swali zuri kuliko tunavyolichukulia. Jibu lake ndilo linaloamua kama deni litabebeka au litamlemea kijana hadi afike miaka arobaini.

Tutatumia familia ya mfano. Inaishi Ongata Rongai. Mama ana kibanda cha mboga, baba ni fundi wa ujenzi, na miezi ya kawaida wanapata pamoja kama shilingi 45,000. Binti yao ameitwa kusomea shahada ya kwanza ya sayansi katika fizikia, miaka minne, kwenye chuo kikuu cha umma. Tuseme gharama ya programu ni 240,000 kwa mwaka. Hii ni tarakimu ya mfano; vyuo hutofautiana, na yako imeandikwa kwenye barua yako. Chukua kalamu uweke tarakimu zako mahali pa hizi.

Mafungu matatu ya karo

Mfumo wa sasa wa kufadhili vyuo vikuu ulitangazwa Mei 2023. Umekuwa na misukosuko: Desemba 2024 Mahakama Kuu iliutangaza kuwa kinyume cha Katiba, kisha Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo. Viwango vya karo navyo vimewahi kurekebishwa. Kwa hivyo usitegemee tarakimu za mtoto wa jirani aliyeingia chuo mwaka jana au juzi.

Mwanafunzi huwekwa kwenye mojawapo ya bendi tano kulingana na uwezo wa familia. Wa bendi ya 1, walio na uhitaji mkubwa zaidi, hupata ufadhili wa asilimia 70 ya gharama ya programu, mkopo wa asilimia 25, na familia hulipa asilimia 5. Wa bendi ya 5 hupata ufadhili wa asilimia 30, mkopo wa asilimia 30, na familia hubeba 40. Ufadhili haurudishwi. Mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, yaani HELB, hurudishwa. Juu yake kuna mkopo wa kujikimu, ambao ni 60,000 kwa mwaka kwa bendi ya 1 na hushuka hadi 40,000 kwa bendi ya 5. Huo nao hurudishwa. Nasisitiza kwa sababu wanafunzi wengi huuita "pesa za HELB" kana kwamba ni zawadi, na wengine huzinunulia simu wiki ya kwanza.

Familia yetu ya mapato ya 45,000 huangukia bendi ya 3. Ufadhili ni asilimia 50, mkopo asilimia 30, familia asilimia 20, na mkopo wa kujikimu ni 50,000. Kwa programu ya 240,000, kila mwaka unakuwa hivi:

Ufadhili: 120,000.
Mkopo wa karo: 72,000.
Mkopo wa kujikimu: 50,000.
Fungu la familia: 48,000.

Binti anakopa 122,000 kwa mwaka. Kwa miaka minne ni 488,000. Familia inatoa 192,000 mkononi kwa muda huo huo.

Ukiona umewekwa bendi isiyolingana na hali ya nyumbani, kata rufaa mapema kwenye tovuti ya ufadhili ulikotuma ombi. Kuna familia ambazo mzazi alifutwa kazi baada ya fomu kujazwa, au aliyeandikwa kuwa mlezi si anayelipa karo. Mambo hayo hayaonekani kwenye kompyuta mpaka mtu ayaseme, tena kwa stakabadhi.

Deni la 488,000 linaonekanaje kwa mwezi

Nusu milioni inatisha, na watu wakitishika huacha kuhesabu. Igawanye kwa miezi.

Riba ya mkopo wa HELB kwa shahada ya kwanza ni asilimia 4 kwa mwaka. Ni riba nafuu. Hakuna benki itakayokupa hiyo. Tukianza hesabu siku ya kwanza ya kulipa, riba ikipigwa kwenye salio linalopungua, 488,000 kwa miaka 10 ni kama 4,940 kwa mwezi. Jumla utakayokuwa umelipa ni takribani 593,000. Ukilipa kwa miaka 6, ni kama 7,635 kwa mwezi na jumla inashuka hadi karibu 550,000. Tofauti ya 43,000 ni bei ya kujipa miaka minne zaidi. Mimi ningemshauri kijana aanze na ile ya miaka 10, kisha aongeze malipo mapato yakipanda, kuliko kujifunga kwa kiwango kitakachomshinda mwezi wa tatu.

Sasa upande wa pili. Sheria inampa aliyekopa mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo kabla ya kuanza kulipa. Baada ya hapo, anayekosa kulipa hutozwa faini ya shilingi 5,000 kwa kila mwezi. Rudi juu kidogo uangalie: malipo ya mwezi ya binti wetu ni 4,940. Faini ya kutolipa ni kubwa kuliko malipo yenyewe. Akikaa kimya miezi 18 akitafuta kazi, faini inaweza kufika 90,000, na hapo deni lenyewe halijapungua hata senti. Ndiyo maana watu waliokopa kiasi kidogo hujikuta wanadaiwa mara mbili yake.

Kimya ndicho kinachogharimu. Asiye na kazi anapaswa kuiandikia HELB aeleze hali yake kabla ya mwaka wa kusubiri kuisha, na ahifadhi nakala ya barua au ujumbe huo. Akiweza kutuma hata kiasi kidogo kila mwezi, atume. Pia ajue kwamba kazi nyingi za umma huomba cheti cha HELB pamoja na vile vya KRA, EACC na polisi, na kwamba jina linaweza kupelekwa kwenye ofisi za rekodi za mikopo. Kijana anaweza kunyimwa mkopo wa pikipiki kwa ajili ya karo ya zamani.

Mshahara wa kwanza, baada ya makato

Kosa la kawaida ni kulinganisha deni na mshahara ulioandikwa kwenye tangazo la kazi. Linganisha na ule unaofika kwenye simu au benki.

Tuchukue mshahara wa 40,000. Si tarakimu ya kubuni tu: mwalimu wa shule ya upili mwenye shahada huajiriwa na Tume ya Huduma kwa Walimu, TSC, katika daraja la C2, na chini ya makubaliano ya mishahara ya 2017 hadi 2021 daraja hilo lilianzia takribani 35,000 kabla ya marupurupu. Kwa hivyo 40,000 ni mfano wa haki kwa anayeanza.

NSSF huchukua asilimia 6, yaani 2,400. Bima ya afya ya SHIF ni asilimia 2.75, yaani 1,100. Tozo ya nyumba ni asilimia 1.5, yaani 600. Hayo yakitoka, kinachotozwa ushuru ni 35,900. Ushuru wa mapato, baada ya nafuu ya 2,400 ya kila mwezi, unakuwa kama 3,150. Kinachobaki mkononi ni takribani 32,750.

Toa 4,940 ya HELB. Zinabaki kama 27,800. Kodi ya chumba, nauli, chakula, na kitu cha kumtumia mama. Inabana lakini inawezekana. Malipo ya HELB ni kama asilimia 15 ya mshahara wa mkononi, na kwa maoni yangu hapo ndipo mpaka ulipo. Yakipita hapo, kijana huanza kukopa kwenye simu ili alipe deni la chuo. Kipimo kingine cha haraka: deni lote lisizidi mshahara wa mwaka mmoja wa kwanza. 40,000 mara 12 ni 480,000. Deni la binti wetu ni 488,000. Amegusa ukingo.

Lakini hesabu hiyo inadhani amepata kazi ya 40,000. Walimu wanagenzi wa sekondari msingi wamekuwa wakilipwa 20,000 kabla ya makato. Hata tusipohesabu makato, ukitoa 4,940 zinabaki 15,060. Chumba cha 7,000 hapa Rongai, zinabaki 8,060. Nauli ya 200 kwa siku kwa siku 22 ni 4,400. Kilichobaki cha chakula cha mwezi mzima ni 3,660. Mwalimu wa BOM, anayelipwa na bodi ya shule, mara nyingi hana hata hizo. Kwa mshahara wa namna hii, deni lile lile lililobebeka kwenye mfano wa kwanza linavunja mgongo.

Kwa hivyo swali la "fizikia inalipa?" halina jibu moja. Linategemea kazi ipi, na kazi inategemea jambo ambalo barua ya chuo haikwambii.

Shahada ya fizikia si leseni

Ukitoka kwenye uuguzi, unafanya mtihani wa baraza na unasajiliwa. Shahada ya fizikia pekee haimsajili mtu popote. Niseme mawili yanayowaumiza vijana wengi.

La kwanza ni uhandisi. Bodi ya Wahandisi, EBK, husajili waliosoma shahada ya uhandisi iliyoidhinishwa. Mwenye shahada ya fizikia, hata kama anaijua mitambo ya umeme kuliko mhandisi, hawezi kusajiliwa kuwa mhandisi kwa shahada hiyo. Mtoto anayechagua fizikia kwa sababu alikosa pointi za uhandisi, akiamini atavuka baadaye, aelezwe hili mapema. Akitaka uhandisi, aangalie marekebisho ya chaguo kwenye tovuti ya KUCCPS, au njia ya diploma.

La pili ni ualimu, nalo linahusu wengi zaidi. Shahada ya sayansi katika fizikia haimpi mtu nambari ya TSC. Ni lazima aongeze stashahada ya uzamili katika elimu, ambayo ni mwaka mmoja wa masomo na mazoezi ya kufundisha, na lazima awe na masomo mawili ya kufundishia. Aliyesoma shahada ya elimu katika sayansi, fizikia na hisabati kwa mfano, hutoka na yote hayo ndani ya miaka minne.

Hapa ndipo mwaka wa tano unapoingia kwenye hesabu, na karibu kila familia huusahau. Tuseme mwaka huo, ada na nauli na chakula, unagharimu 120,000, na familia inalipa yenyewe. Ongeza kwenye 192,000 za awali: familia imetoa 312,000. Ongeza pia mwaka mzima ambao binti angekuwa kazini. Kama moyo wake uko darasani, shahada ya elimu inamfikisha kule kule kwa gharama ndogo. Kama moyo wake uko maabara, na ualimu ni mpango wa pili tu, basi mwaka wa tano uwekwe kwenye bajeti tangu siku ya kwanza.

Jambo moja la muda. Ule mwaka wa kusubiri kabla ya kuanza kulipa HELB unaweza kutumika kwa mwaka wa ualimu, ikiwa kijana ataanza mara tu anapomaliza. Akikaa nyumbani mwaka mmoja kwanza, kisha aende kusomea ualimu, ataanza kudaiwa akiwa bado darasani. Nimeona vijana wawili wenye alama sawa, mmoja akaanza kazi bila faini na mwingine akaanza akiwa nyuma, na kilichowatenganisha ni mwezi waliojiandikisha.

Na kusajiliwa na TSC si kuajiriwa. Wako walimu waliosajiliwa wanaosubiri kwa miaka. Mwalimu wa fizikia ana nafuu kidogo kwa sababu ni adimu, hasa shule za mbali. Anayekubali kwenda Magadi au Mashuuru huwa na nafasi nzuri kuliko anayetaka kubaki Kitengela.

Kazi nyingine, na kinachohitajika kuzifikia

Fizikia ina milango mingi. Kasoro yake ni kwamba mingi ina kufuli la pili.

Hospitali zinazotibu saratani kwa mionzi huhitaji wanafizikia wa tiba wa kupima na kuhakikisha kiasi cha mionzi anachopewa mgonjwa. Ni kazi ya heshima na ya malipo mazuri, lakini huhitaji shahada ya uzamili. Mamlaka ya Kudhibiti Nyuklia, iliyoundwa chini ya sheria ya 2019, husimamia usalama wa mionzi, kuanzia mashine za eksirei hospitalini hadi viwandani. Shirika la viwango, KEBS, lina maabara za vipimo, ambako usahihi wa mizani na mita huthibitishwa. Ile mizani ya mchuuzi sokoni ina asili yake huko. Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa, pale Dagoretti Corner, huajiri wenye msingi wa fizikia na hisabati na ina chuo chake cha mafunzo. Nishati ya mvuke kule Olkaria hutafutwa kwa vipimo vya kijiofizikia kabla ya kisima kuchimbwa. Tangu 2017 kuna pia Shirika la Anga za Juu la Kenya, na setilaiti ya Taifa-1 ilirushwa Aprili 2023. Nafasi kwenye sehemu hizi ni chache. Mtoto asiambiwe kwamba zinamsubiri.

Hapa kwetu Kajiado watu huonyesha mitambo ya upepo ya vilima vya Ngong, na ile 60 ya Kipeto yenye uwezo wa megawati 100, wakisema, "Si fizikia hiyo?" Ni fizikia, ila wanaopanda kule juu kuikarabati ni mafundi na wahandisi. Mwanafizikia huingia zaidi kwenye kupima upepo na kuchambua takwimu. Jua linatoa nafasi ya karibu zaidi. Ufungaji wa mitambo ya sola huhitaji leseni ya fundi kutoka EPRA, na mwanafunzi wa fizikia aliyechukua mafunzo hayo akiwa chuoni anaweza kuanza kupata riziki kabla ya kuhitimu. Nyumba zinazojengwa kila mwezi kutoka Rimpa hadi Kitengela si chache.

Kisha kuna wale wanaoishia kwenye benki, bima, kampuni za simu na uundaji wa programu za kompyuta. Hawa hawakuajiriwa kwa jina la fizikia. Waliajiriwa kwa sababu walijua takwimu na kuandika programu, na chuoni walichukua masomo hayo kwa hiari. Kama mtoto wako tayari yuko mwaka wa pili wa fizikia na unasoma haya kwa wasiwasi, usimwondoe chuoni. Muulize anasoma nini zaidi ya silabasi, na likizo ijayo amalizie wapi mafunzo ya vitendo kazini.

Fungu la familia ndilo deni ghali

Turudi kwenye 48,000 za kila mwaka, maana hapa ndipo nyumba huumia kimyakimya. Zikikopwa kwenye sacco kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka na kulipwa kwa miezi 12, malipo ni kama 4,265 kwa mwezi, na riba yote ya mwaka ni karibu 3,180. Zikikopwa kwenye simu kwa asilimia 7.5 kila siku 30, mwezi mmoja tu unatoza 3,600. Mwezi mmoja wa simu umeshinda mwaka mzima wa sacco. Halafu mkopo ule hausubiri. Unakopwa mwingine kuulipa.

Kwa hivyo mzazi mwenye mtoto kidato cha tatu leo ajiunge na sacco leo, si siku barua inapofika. Sacco nyingi hazikopeshi mwanachama wa wiki moja.

Kwa wenzetu wa Bissil, Mashuuru na Loitokitok akiba ni mifugo, na tatizo ni kalenda. Vyuo hufunguliwa karibu Agosti au Septemba, wakati kiangazi kimekaza na ng'ombe wamekonda. Anayeuza wiki ya kuripoti huuza wawili kwa bei ya mmoja. Uza Juni, mvua za masika zikiwa zimetoka kuacha nyasi, na uweke pesa mahali usipozigusa. Ukame wa 2020 hadi 2023 uliwaacha wengi bila karo na bila mifugo pia.

Nalo shamba? Kuuza kipande cha ardhi ili kulipa 48,000 ni hesabu mbaya, tena kwa kozi ambayo serikali na HELB tayari wanabeba asilimia 80. Tafuteni kwanza basari ya NG-CDF na ulizeni ofisi ya wadi kuhusu ile ya kaunti.

Kulala nyumbani au kupanga chumba

Mtoto wa Rongai ana bahati ya kuzungukwa na vyuo, lakini tofautisheni. Katika mfumo huu ufadhili wa serikali ni wa vyuo vya umma. Anayekwenda chuo cha kibinafsi, hata kiwe cha mwendo wa miguu kutoka nyumbani, hupata mkopo tu. Chuo cha Multimedia, kilicho hapa Magadi Road, ni cha umma. Angalieni KUCCPS kama programu mnayotaka inafundishwa huko.

Chuo Kikuu cha Nairobi hufundishia fizikia Chiromo. Akisafiri kila siku kwa 100 kwenda na 100 kurudi, siku 150 za masomo, ni 30,000 kwa mwaka. Chumba cha 8,000 karibu na chuo kwa miezi tisa ni 72,000, zaidi ya mkopo wote wa kujikimu. Kwa karatasi, kulala nyumbani kunashinda. Ila anayeijua Magadi Road anajua kwamba mvua ikinyesha ile 100 inakuwa 200, na foleni inakula saa tatu za siku. Somo la maabara linaloisha saa kumi na moja jioni linamfikisha binti nyumbani usiku. Hesabuni nauli ya mvua, na mzungumze habari za usalama kabla ya kufurahia akiba. Nafasi ya hosteli ya chuo ikipatikana, huwa ndiyo nafuu ya kati.

Kazi ya kufanya nyumbani

Kaeni pamoja, mzazi na mtoto, simu zikiwa pembeni, na mwandike mambo haya kwa kalamu. Gharama ya programu kwa mwaka. Jumla ya mkopo kwa miaka yote. Malipo ya mwezi kwa miaka 10. Njia ya haraka ni kuzidisha kila 100,000 ya mkopo kwa shilingi 1,012. Kazi mbili ambazo mtoto angeifanya mojawapo, na kwa kila moja: inahitaji cheti gani juu ya shahada, cha muda gani, nani atakilipia. Mwisho, mshahara wa mkononi wa anayeanza kazi hiyo. Usikisie, tafuta mtu anayeifanya umuulize.

Mtoto ndiye aandike, kwa sababu deni litakuwa kwa jina lake. Na asiposhawishika na fizikia baada ya hapo, chuo cha Masai Technical Training Institute mjini Kajiado kina kozi za ufundi wa miaka michache ambazo mwenye alama nzuri hapaswi kuona aibu kuziuliza.

Maswali ya HELB hujibiwa kwenye vituo vya Huduma, pamoja na kile cha mjini Kajiado. Nenda na kitambulisho, nakala ya barua ya chuo, nambari ya KRA na nambari ya simu iliyosajiliwa kwa jina la mwanafunzi mwenyewe, na ufike asubuhi.